Mrija wa nyongo umebana, ini lina sirosisi: tukate papila, tuweke stenti tu, au tusiguse?

dkt_kandaziwa

Wakuu, salaam. Naomba mawazo ya wanaofanya ERCP (kuingia kwenye mrija wa nyongo kwa skopu kupitia mdomoni) mara kwa mara.

Mwanamume, miaka 46, sirosisi (ini lenye makovu) ya homa ya ini B, anatumia tenofovir. Manjano yanazidi kwa wiki tano sasa, anawashwa mwili mzima, choo kimepauka, mkojo mweusi. Homa ya 38.4 imepanda mara mbili. Bilirubini 186 µmol/L, nyingi ni ile iliyokwisha kupita kwenye ini. ALP (hupanda nyongo ikiziba) 612, ALT (ya seli za ini) 88, albumini 29 g/L, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) 1.9, chembe sahani 62,000, kreatinini (kipimo cha figo) 104 µmol/L. Maji ya tumbo ni kidogo na yanaitika spironolaktoni. Akili timamu. HIV hasi.

Ultrasaundi: ini dogo lenye vinundu, wengu sm 16, mirija ya ndani ya ini imepanuka kiasi. Mrija mkuu ni mm 11 karibu na ini, ukishuka unafunikwa na gesi. Jiwe halijaonekana. MRCP (picha ya MRI ya mirija) inaonyesha umebana kwa kama sm 1.5 katikati ya mrija mkuu.

Mpango uliopo: chupa nne za plazima, ERCP, kukata papila (mdomo wa mrija kwenye utumbo), kutanua kwa puto, stenti (kijibomba cha kuacha mrija wazi) ya plastiki ya 10 Fr (upana wa kama mm 3.3), na diklofenaki 100 mg ya njia ya haja kubwa kuzuia kongosho lisivimbe. Kwa hesabu yangu huyu ni Child-Pugh (alama za uzito wa sirosisi, A hadi C) 10, yaani C, na wenzangu wawili wanasema C haguswi. Sisi hatuna ERCP: tumpeleke palipo nayo au tusimpeleke? Na huo mpango mnauonaje?

---

endo_pwani

Dokta, kwanza hesabu yako ni sahihi lakini imetiwa chumvi na nyongo iliyoziba. Pointi tatu za bilirubini hapo zinatoka kwenye mrija zaidi kuliko kwenye ini. INR nayo: nyongo isipofika kwenye utumbo, vitamini K hainyonywi, kwa hiyo INR hupanda hata ini likiwa na nguvu. Mpe vitamini K 10 mg kwenye mshipa, polepole, kila siku kwa siku tatu, kisha pima tena. Ikishuka, ujue sehemu ile ilikuwa upungufu wa vitamini. Isiposhuka, basi ndiyo ini lenyewe, na hapo hofu ya wenzako ina msingi.

Pili, plazima iache. Ili ushushe INR ya 1.9 kwa plazima unahitaji karibu lita nzima kwa mtu wa kilo 70, na ujazo huo unapandisha shinikizo la mshipa wa lango (unaopeleka damu ya utumbo kwenye ini), ambalo ndilo linalomfanya avuje damu. Tena INR haitabiri kutoka damu kwa mwenye sirosisi, kwa sababu ini lake limepunguza vinavyogandisha na vinavyozuia kuganda kwa pamoja. Ninachoangalia ni chembe sahani zaidi ya 50,000, na fibrinojeni (protini ya kugandisha damu) zaidi ya 100 mg/dL kama maabara yenu inapima.

Tatu, na hapa ndipo watu wengi huteleza: bado hujajua kinachobana. Kwenye ini la homa ya B, mrija ukibana katikati mimi nina orodha fupi kichwani. Saratani ya ini inaweza kuingia ndani ya mrija au kumwaga vipande vyake humo. Saratani ya mrija wenyewe, ambayo homa ya B pia inaiongezea uwezekano. Tezi za limfu kwenye lango la ini, na kwetu huku kifua kikuu cha tezi hakiko mbali. Jiwe lililokaa kwa muda, maana wenye sirosisi wana mawe ya nyongo kuliko watu wengine. Halafu kuna mishipa ya damu iliyovimba kuuzunguka mrija baada ya mshipa wa lango kuziba. Hii ya mwisho ndiyo inayoua mezani kama hukuijua kabla.

Kwa hiyo kabla ya kushika skopu: Doppler (ultrasaundi ya mwendo wa damu) ya mshipa wa lango, CT ya awamu tatu, AFP na CA 19-9 (vipimo vya damu vya kudokeza saratani). CA 19-9 usiiamini sana mtu akiwa na manjano na homa, inapanda kwa nyongo kuziba tu. Ipime tena nyongo ikishashuka. Na wengine wakisoma hapa wasisahau: mgonjwa wako ana bahati kwamba mirija imepanuka. Ini gumu mara nyingine halikubali mirija itanuke, hivyo ultrasaundi ikisema «mirija ya kawaida» kwa mwenye sirosisi na ALP ya juu, hiyo haijafuta kuziba.

Homa hiyo ianzishiwe dawa leo, usisubiri picha. Seftriaksoni 2 g kwa siku, na metronidazoli ukiona inafaa. Jentamaisini tafadhali isimguse, figo za mwenye maji ya tumbo hazistahimili. Akianza kushuka shinikizo la damu au kuchanganyikiwa, mjadala wote huu umekwisha: nyongo itolewe siku hiyo hiyo kwa njia yoyote mliyonayo.

---

nusukaputi_dom

Naongeza upande wetu. Hayo maji «kidogo» yachomwe kwa sindano na yahesabiwe seli kabla ya kitu chochote. Neutrofili zikizidi 250 kwa milimita ya ujazo, ana maambukizi ya maji ya tumbo, na homa inaweza kuwa inatoka huko. Yakiwa mengi, yatolewe siku moja kabla. Mkizidi lita 5, albumini 8 g kwa kila lita iliyotoka.

Asilazwe kifudifudi kama tunavyofanya kwa wengine. Tumbo lenye maji likibanwa, kiwambo kinapanda, anapumua vibaya na yaliyomo tumboni yanarudi juu. Ubavu wa kushoto unatosha, mpiga picha azungushe mashine yake. Midazolamu niachieni pembeni, kwa ini hili usingizi wake unaweza kugeuka ensefalopathi (kuchanganyikiwa kwa sababu ya ini) ya siku mbili. Propofoli kwa kipimo kidogo kidogo inakwisha haraka. Kama ana varisi (mishipa iliyovimba kwenye umio) kubwa, au kama damu inaweza kutoka, naweka bomba la koo tangu mwanzo. Kulikimbilia bomba huku damu inajaa mdomoni si kazi ya kuitafuta. Baadaye laktulosi, apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku.

Na diklofenaki: hapana.

---

skopu_arusha

@nusukaputi_dom hapo sikubaliani moja kwa moja. Ni dozi moja tu, na kongosho kuvimba baada ya ERCP kwa mtu wa Child C nako ni msiba. Faida ya kidonge hicho cha nyuma imethibitishwa vizuri kuliko karibu kila kitu kingine tunachofanya kwenye ERCP.

---

nusukaputi_dom

Imethibitishwa kwa watu ambao figo zao hazitegemei prostaglandini (kemikali ambazo diklofenaki huzizuia) ili damu ipite. Mwenye maji ya tumbo anazitegemea. Kreatinini ya 104 kwa mtu aliyepoteza misuli haimaanishi figo nzima, kipimo kinamdanganya daktari. Asiye na maji ya tumbo, kreatinini nzuri, sirosisi iliyotulia: mpe, sina neno. Huyu hapana.

---

endo_pwani

Niko na nusukaputi kwa huyu mgonjwa. Kongosho lilindwe kwa mkono: ingia kwa waya, usisukume dawa ya picha kabla hujajua uko wapi. Waya ukiingia kwenye mrija wa kongosho mara mbili, acha kuhangaika. Uache humo, weka stenti ndogo ya 5 Fr ya sm 3, kisha ingia kwenye nyongo kando yake. Ringa laktati nyingi wanayopewa wengine kwa kinga hapa haifai, itaishia tumboni.

---

dkt_kandaziwa

Asanteni sana, wakuu. Majibu yamerudi. Baada ya vitamini K siku tatu INR ni 1.5. Kwa hiyo Child-Pugh imekuwa 9, B. Maji ya tumbo hayana maambukizi. Homa imekata kwa seftriaksoni lakini bilirubini imepanda kufika 201.

Doppler: mshipa wa lango hauonekani kama mshipa, badala yake kuna mishipa mingi midogo iliyojisokota kwenye lango la ini. CT: damu iliyoganda kwenye mshipa huo ni ya zamani na haichukui dawa ya picha kwenye awamu ya ateri, hakuna uvimbe kwenye ini, tezi hazijakua. AFP ya kawaida. Mpiga picha anasema pale palipobana kingo ni laini na zina mawimbi.

Endoskopi ya juu: varisi za umio za kati, hazina alama nyekundu.

---

endo_pwani

Basi hiyo ndiyo ile ya mwisho kwenye orodha. Umefanya la maana kuuliza kama damu iliyoganda inachukua dawa kwenye awamu ya ateri. Ingechukua, tungekuwa tunazungumza saratani iliyoingia kwenye mshipa.

Mishipa inayoubana mrija huwa ya aina mbili. Kuna inayotambaa juu ya ukuta wa mrija na kuna inayokaa sambamba nao kwa nje. Zote zimevimba kwa sababu damu ya utumbo inatafuta njia ya kupita pale mshipa wa lango ulipokuwa. Ikikaa miaka, sehemu ya mrija hukosa damu safi na kuwa kovu. Ndiyo maana wengine hata wakiwekewa njia ya kupitisha damu pembeni, mishipa inanywea na mrija unabaki umebana.

Kwa hiyo mpango wako naupunguza. Papila usikate. Stenti moja ya plastiki, hata ya 10 Fr, inapita bila kukata, na kukata kwenye shinikizo la lango ni kutafuta damu bure. Ingekuwa kuna mawe madogo chini, ningetanua papila kwa puto la mm 8 na kulishikilia dakika mbili hadi tano. Muda mrefu hapo hupunguza kongosho kuvimba, watu wengi hudhani ni kinyume chake. Brashi ya kuchukua seli hapana. Kikapu na puto la kukwangulia hapana. Kila kinachokwaruza ukuta kinakwaruza mshipa.

Hatua zenyewe. Duodenoskopu inaangalia pembeni, kwenye umio unapita kama kipofu, kwa hiyo mafuta ya kutosha na mkono mwepesi. Varisi zake usizifunge mipira siku hiyo wala siku chache kabla: skopu nene ikipita juu ya mipira mibichi inaing'oa. Mwanzishie kavedilolo 6.25 mg kama shinikizo la damu linaruhusu. Ukifika, ingia kwa waya wa inchi 0.025 au 0.035, upeleke juu ya pale palipobana, kisha vuta nyongo ml 10 hadi 20 kabla ya kusukuma dawa yoyote ya picha. Kuna sababu mbili: unapata ya kuotesha maabara, na unapunguza shinikizo, maana dawa ikisukumwa kwenye nyongo yenye usaha inaingiza bakteria kwenye damu na mgonjwa anatetemeka akiwa bado mezani. Kisha dawa kidogo tu, ya kuona kingo mbili.

Puto la kutanua kwa huyu sitatumia mara ya kwanza. Kinachobana ni mishipa laini, stenti itapita. Ikikataa, puto la mm 4, polepole. Urefu wa stenti: pima kutoka ukingo wa juu wa palipobana hadi papila, ongeza sm 2. Kwa watu wengi inakuja sm 7 au 9. Ikiwa fupi mno inateleza na kutoka. Ikiwa ndefu mno ncha ya chini inachoma ukuta wa pili wa duodeni.

Sasa jambo la kuandaa mezani kabla ya kuanza: stenti ya chuma iliyofunikwa yote, upana wa mm 10, urefu wa sm 6 au 8. Damu ikianza kutoka kwenye mrija, hiyo ndiyo inayokandamiza. Ukiianza kazi huku stenti ya chuma iko stoo ya jengo lingine, umeanza vibaya. Kwa nini nisiiweke tangu mwanzo basi? Kwa sababu ni ghali, inaweza kuteleza, na ikifika juu ya makutano inaziba matawi ya kulia na kushoto. Na mfuko wa nyongo ukiwa bado upo unaweza kuziba mdomo wake.

---

picha_na_sindano

Natoka upande wa rediolojia, Nairobi. Mkishindwa kuingia kwa chini, msimsukume kwetu siku hiyo hiyo kama hana homa wala shinikizo halijashuka. Kutoboa ini lenye maji ya tumbo na mishipa iliyovimba kwenye lango ni njia ya akiba. Lakini ikibidi, inafanyika. Mwongozo wa chama cha rediolojia ya tiba cha Marekani wa 2019, kwa wagonjwa wa ini wa muda mrefu na kazi zenye hatari kubwa, umelegeza vipimo: INR chini ya 2.5, chembe sahani zaidi ya 30,000, fibrinojeni zaidi ya 100.

Maji yatolewe kwanza. Tunaingia upande wa kushoto, chini ya kifua, kwa ultrasaundi na sindano ya geji 22, tukilenga tawi la pembeni kabisa, mbali na lango. Kushoto maji hukusanyika kidogo na mgonjwa hapati maumivu ya mbavu. Katheta ya 8.5 Fr. Siku ya kwanza tunaiacha itoe nje tu, hatulazimishi kuvuka palipobana kama kuna usaha.

Kinachoharibika wodini ni hiki. Damu kwenye mfuko wa katheta: ikiwa nyeusi na inakuja na kukoma, tundu la pembeni la katheta limekaa ndani ya mshipa. Sogeza au badilisha iwe nene zaidi. Ikiwa nyekundu na inadunda, ni ateri, inahitaji kuzibwa kwa njia ya mishipa. Katheta usiivute, ndiyo inayokandamiza. Pili, nyongo ikitoka zaidi ya lita moja kwa siku anapoteza chumvi na bikaboneti, rudisha kwa Ringa kwa kipimo, la sivyo kreatinini itapanda na mtadhani ni ini. Tatu, maji ya tumbo yanayovuja kando ya katheta: kuongeza plasta hakusaidii, toa maji kwa sindano upande mwingine. Katheta isafishwe kwa maji ya chumvi ya hospitali ml 10 mara mbili kwa siku. Sukuma tu, usivute, maana kuvuta kunaleta uchafu wa utumbo juu.

---

daktari_oslo

Samahani kuchelewa. Nasoma thread hii nikihofia mtu ataichukua na kuitumia kwa mgonjwa wa PSC, ule ugonjwa wa kovu la mirija ambao huku Skandinavia tunauona sana. Huko mantiki ni kinyume. Puto ndilo la kwanza, na brashi ni lazima, maana hatari ya saratani ya mrija ni kubwa, kati ya asilimia 10 na 20 maishani. Puto lisizidi upana wa mrija ulio juu na chini ya palipobana: mm 6 hadi 8 kwenye mrija mkuu, 4 hadi 6 kwenye matawi.

Stenti huko ina deni. Utafiti wa DILSTENT uliochapishwa 2018 ulilinganisha puto na stenti ya muda mfupi kwa watu 65. Kubana kulirudi sawasawa pande zote mbili, lakini madhara makubwa yalikuwa asilimia 45 kwa stenti na chini ya 7 kwa puto. Utafiti ukasimamishwa. Ukilazimika kuweka, itoe ndani ya wiki moja au mbili. Na usimpe asidi ya ursodeoksikoliki mg 28 hadi 30 kwa kilo ukidhani nyingi ni bora, kipimo hicho kiliwadhuru wagonjwa.

Kwa huyu wa kandaziwa, kama hakuna chochote cha kutiliwa shaka kwenye CT, naunga mkono kutokupiga brashi.

---

dkt_kandaziwa

Amepelekwa na imefanyika kama mlivyosema: 8.5 Fr, sm 9, bila kukata, bila puto. Nyongo nyeusi ilitoka, damu hakuna. Siku ya saba: ALP 340, bilirubini 158. Kuwashwa kumeisha. Je, bilirubini si imeshuka taratibu mno? Na stenti itatolewa lini? Sisi tuna endoskopi ya kawaida tu.

---

endo_pwani

Kuhusu bilirubini, usihangaike bado. Iliyokaa damuni wiki nyingi hujishikiza kwenye albumini na huondoka kwa mwendo wa albumini, nusu yake kwa wiki mbili hadi tatu. ALP na kuwashwa ndivyo vinavyokuambia mrija uko wazi. Kama ALP imeshuka vizuri na bilirubini inagoma wiki sita baadaye, hiyo ni ya ini, na stenti nyingine haitaisaidia. Kama ALP inapanda tena au homa imerudi, stenti imeziba: piga ultrasaundi siku hiyo.

Stenti ya plastiki ina miezi mitatu, basi. Baada ya hapo tope la nyongo huijaza, na kwa mwenye sirosisi maambukizi ya nyongo ndiyo mwanzo wa figo kufa na ensefalopathi. Tarehe iandikwe kwenye kadi yake, kwenye daftari la wodi, na namba ya simu ya ndugu wawili. Si mgonjwa peke yake, maana akishapona manjano hujiona amepona kabisa.

Kuitoa kwa endoskopi ya kawaida inawezekana: kitanzi, shika ncha iliyo kwenye duodeni, vuta pamoja na skopu. Lakini kwa huyu mahsusi msiitolee hapo kwenu. Kwanza stenti ikitoka bila nyingine kuingia, mishipa inabana tena. Pili, mishipa iliyokuwa imesukumwa na stenti inaweza kuvuja pale inapoondolewa, na nyinyi hamna cha kukandamizia. Arudi palipo na eksirei na stenti ya chuma, abadilishiwe kila baada ya miezi mitatu. Wakati huo huo faili lake lipelekwe kwa timu ya upasuaji na rediolojia waangalie kama kuna mshipa wa kutosha kuunganishia damu pembeni, au TIPS (njia ya damu inayopitishwa ndani ya ini kwa stenti), ambayo kwetu bado ni nadra. Picha watakayoitaka ni CT ya awamu ya vena inayoonyesha mshipa wa wengu na ule wa utumbo hadi mwisho, kwa hiyo iombe hivyo tangu mwanzo, na diski iende na mgonjwa. Ripoti ya karatasi peke yake haitawatosha.